Mtandao wa Zigbee nyumbani: anza na vya kwenye soketi, sensa zije baadaye

Saa nane usiku mama mkwe ananigongea mlango, "mwanangu amka, maji yanamwagika huko uwani", natoka nakuta tenki la juu linatiririka mpaka ukuta wa jirani umelowa na pampu bado inaunguruma. Na yale yalikuwa maji ya boza, tumenunua mchana wake. Nilikuwa nimefunga sensa ya Zigbee kwenye tenki (Zigbee ni mtandao wa mawimbi wa vifaa vidogo vya nyumbani), likijaa inatuma taarifa na plagi ya Zigbee kwenye soketi inazima pampu, na wiki 3 nzima ilifanya kazi vizuri tu. Usiku ule umeme ulikatika saa nne pampu ikiwa imewashwa, ukarudi saa saba, plagi ikajiwasha kama ilivyokuwa mwanzo, ila sensa haikurudi.

Siku kadhaa nikawa nahangaika kuelewa, na nimeona niandike maana najua wengi mnanunua hivi vifaa sasa hivi na mnafuata mpangilio uleule niliofuata mimi.

Zigbee sio kama waifai ambapo kila simu inaongea na ruta yenyewe. Hapa vifaa vinapokezana, kama siku ya kumwaga zege ghorofani watu wanavyojipanga mstari wanapeana karai, mmoja akitoka karai haifiki juu. Sasa wanaopokezana ni vile tu vinavyokula umeme wa ukutani muda wote, yaani plagi, balbu, swichi zenye waya wa nyutro. Vya betri vinatuma vya kwao halafu vinalala, havimbebei mwenzao kitu. Mi nilikuwa na sensa 11 na plagi 1, na hiyo moja ndo ya pampu. Umeme ulipokatika sensa ya tenki ikamkosa mzazi wake, yaani ile plagi inayoipokelea taarifa, na kodineta, kifaa kinachoongoza mtandao wote, iko sebuleni nyuma ya kuta 3 za tofali la inchi 6 haifikiki, na baadhi ya sensa zikitafuta muda mrefu zikakosa zinaacha kutafuta ili kutunza betri, mpaka uende ubonyeze kitufe kwa mkono.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu, pesa ya kwanza nunua plagi, sio sensa. Mi niliongeza 4 za pini tatu, korido, jikoni, chumba cha nyuma na stoo inayotazama tenki, na nikahakikisha kati ya moja na nyingine hamna zaidi ya kuta mbili. Usiiweke nyuma ya friji wala karibu na mabati, chuma kinaziba mawimbi vibaya sana. Halafu, na hili kwa huku kwetu ndo la muhimu kuliko yote, kodineta pamoja na plagi angalau 2 ziwe kwenye laini ya inveta. Ukiwa na mtandao mzuri ambao wote unazimika umeme ukikatika, kila ukirudi utakuwa unazunguka na ngazi kubonyeza sensa.

Balbu usizitegemee kama watu wa nyumbani bado wanazima taa ukutani, maana ikizimwa pale imetoka kwenye mstari.

Kuna kitu kingine kilinisumbua, kodineta nilikuwa nimeichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, ubavuni kuna diski ya nje kwenye tundu la USB 3.0, na USB 3.0 ikifanya kazi inatoa kelele kwenye masafa yaleyale ya 2.4 GHz ambayo Zigbee inatumia. Nikanunua waya wa kuongezea USB wa mita 1 na nusu nikaitoa pembeni, vifaa viwili vilivyokuwa vinapotea potea vikatulia siku hiyohiyo. Waya tu!

Chaneli pia chagua mapema. Waifai ya 2.4 kawaida iko 1, 6 au 11, na Zigbee ina zake kuanzia 11 mpaka 26 ila namba hazifanani, chaneli 11 ya Zigbee inaangukia juu ya chaneli 1 ya waifai. 15 na 20 zinapita katikati ya hizo za waifai, na 25 inakuja baada ya ile 11 ya waifai, mi niko 25. Ukija kubadilisha ukiwa na vifaa 30, baadhi itabidi uviunganishe upya kimoja kimoja. Na wakati wa kuunganisha anza na plagi ya karibu na kodineta ukienda nje, kisha kila sensa iunganishe ikiwa palepale itakapokaa.

Kuhusu pampu, ingia kwenye programu uweke plagi ibaki imezima umeme ukirudi, na juu ya hapo mwambie fundi aweke boya la kawaida ndani ya tenki linalokata umeme wa pampu lenyewe. Maji, gesi, moto, visitegemee mawimbi peke yake, hapo mi sikubaliani na mtu yeyote anayesema inatosha.

Na kama ndo unajenga sasa hivi, kabla plasta haijapigwa mwambie fundi umeme avute nyutro kwenye kila boksi la swichi. Swichi zisizo na nyutro zipo na zinawasha taa vizuri, ila nyingi hazipokezani taarifa, na kuja kuchimba ukuta uliopakwa rangi ni gharama nyingine kabisa.