Picha za harusi zisipoteze nakshi za piko

Dada yangu, umeuliza vipi uzigeuze JPEG picha za harusi ya Wete, Pemba, ulizopiga kwa iPhone, maana studio ya Chake Chake haiwezi kuzifungua. Hizo ni HEIC, mtindo wa faili za picha ambao iPhone ilianza kuutumia na programu endeshi ya iOS 11 mwaka 2017. Usizitume WhatsApp kama picha za kawaida. Hapo hubanwa, na nakshi za piko, ile rangi nyeusi ya kujipamba, vidoleni mwa bi harusi huwa doa moja jeusi. Za marehemu bibi yangu ziliniharibikia hivyo hivyo, na za asili nilishazifuta. Inaniuma hadi leo.

Zitume kama dokumenti, au tumia waya uzihamishie kwenye kompyuta. Geuza mara moja tu, kutoka faili ya asili, ubora uuweke juu kabisa. JPEG ukiihariri na kuihifadhi tena na tena, kila mara ubora hupungua. Za asili zihifadhi kwenye diski.