Mfupi tangu lini?

Swali la wiki limetoka kwa mzazi wa mtoto wa miaka 3. Mtoto anakula, haugui mara kwa mara, lakini wenzake wa rika lake wote wamempita kimo. Ampeleke hospitali, au asubiri kwa kuwa "atarefuka tu"?

Jibu linahitaji namba mbili: urefu wa leo, na urefu wa miezi 6 au 12 iliyopita. Namba ya leo peke yake inaonyesha mtoto amefika wapi. Haionyeshi anakwenda kwa kasi gani, na tatizo la ukuaji hujitokeza kwenye kasi. Mara nyingi kadi ya kliniki imejaa uzito huku nafasi ya urefu ikiwa tupu, na hilo ni pengo kubwa. Uzito hushuka kwa kuhara siku 3 na kurudi wiki inayofuata. Urefu haushuki, hupunguza mwendo tu, kimyakimya. Ndiyo maana mtoto aliyedumaa anaweza kuonekana hana neno: mwili mdogo, uzito unaolingana nao, mashavu yamejaa, na hakuna anayeshtuka.

Basi apimwe, na apimwe vizuri. Aliye chini ya miaka 2 hupimwa amelala, kuanzia miaka 2 hupimwa amesimama. Vipimo hivyo viwili visichanganywe, maana mtoto yuleyule akilazwa huzidi kwa sentimita 0.7 hivi. Avue viatu. Nywele zilizofungwa utosini zifunguliwe. Visigino, makalio na mabega viguse ukuta, magoti yanyooke, macho yatazame mbele. Juu ya kichwa weka kitu bapa chenye pembe ya mraba, kama kitabu kigumu kilichobanwa ukutani. Rula iliyoshikwa mkononi ikiinama kidogo tu inapunguza au kuongeza sentimita nzima. Pima mara mbili, na vipimo vikipishana zaidi ya nusu sentimita, rudia. Kupima kila wiki hakusaidii kitu. Katika umri huu mtoto huongezeka karibu nusu sentimita kwa mwezi, kiasi ambacho kosa dogo la kupima hukimeza chote. Kila miezi 3 hadi 6 inatosha.

Ukishapata namba, ziweke kwenye chati ya ukuaji ya Shirika la Afya Duniani. Chati hiyo ya mwaka 2006 ilitokana na watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani walionyonyeshwa na kutunzwa vizuri, nao walikua kwa namna inayokaribiana sana hadi miaka 5. Kwa hiyo "sisi kwetu ni wafupi" haliwezi kuwa jibu la haraka kwa mtoto mdogo. Akitimiza miaka 3, mvulana wa wastani ana sentimita 96.1 na msichana 95.1. Chini ya 88.7 kwa mvulana, au 87.4 kwa msichana, huhesabiwa kuwa udumavu na apelekwe kliniki bila kusubiri. Kasi nayo ina viwango vyake: mwaka wa kwanza mtoto huongezeka sentimita 25 hivi, wa pili 12, wa tatu 8, kisha 5 hadi 7 kwa mwaka mpaka balehe. Akiwa na miaka 3 au 4 na haongezeki hata 5 kwa mwaka, apelekwe hata kama bado yuko juu ya mstari wa udumavu.

Kuna kushuka kusiko na madhara. Aliyezaliwa mkubwa kwa wazazi wafupi huweza kuteremka mstari mmoja wa chati kati ya miezi 6 na miaka 2, kisha akatulia kwenye njia yake. Kimo cha ukubwani hukadiriwa hivi: jumlisha urefu wa baba na mama, ongeza 13 kwa mvulana au toa 13 kwa msichana, gawa kwa 2. Baba wa 168 na mama wa 157 wangetarajia mvulana wa 169 au msichana wa 156, pungufu au zaidi kwa sentimita 8 hivi. Lakini hesabu hii ina mtego ambao hausemwi vya kutosha: kama wazazi wenyewe walidumaa utotoni, ufupi wa lishe utahesabiwa kama wa ukoo.

Kuhusu sababu, angalia kipi kilianza kushuka. Chakula kikiwa hakitoshi, au tumbo halifyonzi, uzito hutangulia na urefu hufuata. Urefu ukisimama huku uzito ukiendelea, hata mtoto akinenepa, fikiria homoni: tezi ya thairoidi (iliyo shingoni) au homoni ya ukuaji. Dawa za jamii ya steroidi (za kutuliza uvimbe mwilini, kama prednisoloni) zikitumika muda mrefu hufanya vivyo hivyo, ila zisikatishwe ghafla bila daktari.

Na "anakula vizuri" ichunguzwe. Tumbo la mtoto hupokea takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mwenye kilo 12 hujaa kwa mililita 360. Zikiwa ni za chakula chepesi chenye maji mengi, atashiba bila kujengeka. Kizito kidogo, kilichoongezwa mafuta na chenye protini, mara 3 au 4 kwa siku pamoja na vitafunio, kinafaa kuliko sahani kubwa mara 2. Akiugua na kupona, aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa wiki 2, maana kuhara kunakojirudia bila muda wa kufidia ni njia ya kawaida sana ya kuelekea udumavu.

Hospitalini nenda na kadi, uzito na urefu wa kuzaliwa, wiki za ujauzito, vimo vya wazazi na orodha ya dawa. Tarajia vipimo vya damu, mkojo na choo, na pengine eksirei ya kiganja cha kushoto kuona umri wa mifupa, yaani imekomaa kiasi gani. Kwa msichana mfupi bila sababu inayoonekana, uliza pia kipimo cha kromosomu, kwani ugonjwa wa Turner (msichana kuzaliwa na upungufu katika kromosomu moja ya X) unaweza kuwa na ufupi kama dalili pekee kwa miaka mingi.