Kichwa kinarudi kuuma baada ya sindano ya dharura

Pole sana, dada. Unasema kitengo cha dharura walikuchoma sindano na kukuwekea dripu, ukapata nafuu, kesho yake kichwa kikarudi, na sasa unameza vidonge karibu kila siku.

Kazi ya kitengo kile ni kutuliza maumivu na kuhakikisha hakuna hatari ya papo kwa papo. Kama ni kipandauso, yaani maumivu makali ya kichwa yanayojirudia, mara nyingi hurudi ndani ya siku 1 hadi 3, kwa hiyo si lazima iwe walikosea.

Mimi kinachonitia wasiwasi ni hivyo vidonge. Parasetamo au ibuprofeni ukizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, zenyewe zaweza kuanza kukuletea maumivu. Zenye kodeini, dawa kali ya maumivu jamii ya afyuni, siku 10 tu kwa mwezi zinatosha kuleta shida hiyo, na hizo usiziache ghafla bila daktari.

Tafuta daftari leo. Andika saa kichwa kilipoanza kuuma, upande gani, ulitapika au mwanga ulikukera, ulilalaje, siku za hedhi, umemeza nini. Nenda nalo kliniki pamoja na karatasi ya kuruhusiwa, wakupime presha, na uulize waziwazi kuhusu dawa za kuzuia kichwa kisirudi kuuma, kama propranololi au amitriptilini.

Lakini usingoje kliniki, rudi dharura mara moja, kikikulipuka ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, au ukiona homa na shingo kukakamaa, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito, macho kufifia, au kama una mimba.