Koili imeingia kichwani. Je, kifuko cha mshipa wa ubongo kimeziba?

Mama alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, nyumbani kwetu Langoni, Lamu. Akaiacha nazi, akashika kisogo, akasema, "Kitwa chapasuka, mwanangu," kisha akatapika. Mjomba alidhani ni presha, na mimi nikamwamini. Tulimpa panadoli tukamlaza, na saa mbili zile ninazijutia mpaka leo. Kichwa kinachoanza ghafla na kufikia ukali wake wote ndani ya dakika moja, hasa kikija na kutapika au shingo kukakamaa, hakingojewi. Mgonjwa anahitaji kipimo cha CT, picha ya ndani ya kichwa, siku hiyo hiyo.

Tulivuka hadi Manda tukapanda ndege. Nairobi walikuta damu imevuja kuzunguka ubongo. Mshipa mmoja ulikuwa umedhoofika ukuta, ukafura kifuko cha milimita 6, na kifuko kikapasuka. Hiyo ndiyo aneurizimu. Tukaambiwa njia ni mbili: kufungua fuvu na kubana shingo ya kifuko, yaani mlango wake kwenye mshipa, kwa klipu, au kupita ndani ya mshipa na kukijaza koili.

Daktari alituchorea mchoro, Mungu amlipe. Koili ni uzi wa platinamu, mwembamba na laini. Huingizwa kwa mrija kupitia mshipa wa kinena, au wa kifundo cha mkono, hadi kichwani, na ukifika ndani ya kifuko hujikunja kama kamba ya jahazi inayoshushwa ndani ya pipa. Kisha umeme mdogo huukata kutoka kwenye waya ulioubeba. Ni ufundi wa daktari Mwitaliano, Guido Guglielmi, na mgonjwa wa kwanza alitibiwa hivyo Los Angeles mwaka 1990.

Nilimuuliza kwa nini tusichague klipu, maana mjomba alitaka "kitu cha kudumu". Akatueleza utafiti mkubwa uitwao ISAT, uliotoka mwaka 2002, wa wagonjwa 2,143 ambao vifuko vyao vilikuwa vimepasuka na vingeweza kutibiwa kwa njia yoyote kati ya hizo mbili. Baada ya mwaka mmoja, katika kila 100 waliowekewa koili, kama 24 walikuwa wamefariki au hawajiwezi. Kwa klipu walikuwa kama 31. Lakini waliowekewa koili ndio waliorudishwa zaidi kutibiwa tena. Ukiusoma utafiti huu usiishie kwenye sentensi ya kwanza, kama nilivyofanya mimi. Na kumbuka kwamba wengi wa wagonjwa wale walikuwa na vifuko vidogo na hali yao ilikuwa nzuri walipofika. Mwenye kifuko kikubwa, au chenye shingo pana, ana hesabu yake mwenyewe.

Tukachagua koili. Siku ya kutoka hospitalini tuliambiwa neno moja: "Imefaulu." Tukashukuru, tukaondoka na karatasi moja ya muhtasari, bila picha hata moja. Sikuuliza imefaulu kwa kiasi gani.

Kosa langu lilikuwa hapo, na ndilo lililonifanya niandike. Platinamu yenyewe hujaza takriban robo tu ya kifuko, pengine chini ya hapo. Sehemu iliyobaki huwa ni damu iliyoganda. Moyo nao hausimami, kila pigo linasukuma mlangoni. Baada ya miezi, koili zinaweza kushindiliwa ndani, shingo ikafunguka tena, na mgonjwa asihisi chochote. Mama alikuwa anapika, anakwenda arusini, anacheka. Picha za mwezi wa sita tangu matibabu zilionyesha damu inaingia tena chini ya kifuko.

Madaktari hutumia kipimo cha Raymond na Roy, chenye madaraja matatu. La kwanza, kifuko kimeziba chote pamoja na shingo. La pili, shingo imebaki wazi. La tatu, damu bado inaingia kwenye kifuko chenyewe. Muulize daktari mgonjwa wako yuko daraja gani siku ile ile ya matibabu, na uombe aliandike. Nairobi ya pili, hospitali nyingine, daktari aliuliza mama alianzia daraja gani, na hatukuwa na la kumjibu. Bila picha ya kwanza hakuweza kujua kama shingo ile imefunguka baadaye au ilibaki wazi tangu mwanzo. Dai CD ya picha kabla hujalipa bili ya mwisho. Yetu sasa imo ndani ya mifuko miwili ya plastiki, kwa sababu ya maji ya chumvi pale kivukoni Mokowe.

Mara ya pili mama aliwekewa koili nyingine pamoja na stenti, kijibomba cha wavu kinachokaa ndani ya mshipa na kuzizuia koili zisitoke. Stenti ina sharti lake: dawa mbili za kuzuia damu kuganda, aspirini na klopidogreli. Kuziacha ghafla kunaweza kuziba mshipa na kuleta kiharusi. Ramadhani ilipoingia mama alitaka kuzisimamisha. Tulimpigia daktari kwanza. Akasema zinamezwa mara moja kwa siku, basi azinywe baada ya futari kila siku, saa ile ile. Jino nalo lilipouma, hatukukubali ling'olewe mpaka daktari wa jino aambiwe kuhusu dawa hizo.

Majirani walituambia mwenye chuma kichwani haingii tena kwenye MRI, mashine ya picha yenye sumaku. Koili za platinamu hazizuii MRI, na mara nyingi ndicho kipimo kinachotumika kuzifuatilia, maana kwenye CT hung'aa mno zikafunika kinachotafutwa. Onyesha tu kadi yenye aina ya koili na stenti kabla ya kuingia. Na kwa akina mama wanaoona haya kunyolewa kinena: ombeni muuguzi wa kike mapema. Sisi tuliomba, tukapewa bila maneno.

Kwa anayetoka kisiwani, panga nauli ya marudio siku unapopanga ya matibabu. Tuliuza ng'ombe kwa safari ya kwanza tukadhani tumemaliza, na ile ya mwezi wa sita karibu itushinde. Presha ya mama tunaipima nyumbani sasa, na mjomba ameacha sigara, kwa kuwa presha ya juu na sigara huongeza hatari ya kifuko kupasuka.

Mwezi ujao tunarudi Nairobi. Swali la kwanza nimeshaliandika nyuma ya bahasha ya CD: shingo iko daraja gani leo?