Maswali ya Wasomaji: Pamba Ipi Itahimili Chumvi?

Swali: Shamba langu liko uwanda wa Kano, upande wa Ahero. Kila kiangazi udongo huota ukoko mweupe. Nina mbegu za pamba za aina nne. Nitajuaje ipi inahimili chumvi kabla sijapanda ekari nzima?
*Mkulima, Ahero*

Jibu: Anza na udongo. Omba maabara ikupimie upitishaji umeme wa maji yaliyokamuliwa kutoka tope la shamba lako; chumvi ikizidi, umeme hupita zaidi. Pamba ni sugu: mavuno huanza kushuka kipimo kikipita desisimensi (kizio cha upitishaji umeme) 7.7 kwa mita, kisha hupungua kama asilimia 5 kwa kila desisimensi inayoongezeka. Kipimo kikiwa chini sana ya hapo na miche bado inageuka manjano, chunguza kwanza maji yanayotuama.

Ikiwa ni chumvi kweli, otesha mbegu kwenye mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yatoke maangavu. Mbegu zote ziwe za msimu mmoja na ziwe zimeondolewa manyoya, maana mbegu kuukuu hufa hata kwa maji matamu. Nyunyizia maji yenye gramu 0, 5.8 na 11.7 za chumvi kwa lita. Kwa kila aina na kila kiwango, tumia trei nne za mbegu 25. Hesabu miche siku ya 4 na ya 12. Funika trei, kwani maji yakikauka chumvi hukolea, nawe utailaumu mbegu bure.

Usichague bado. Aina inayoota vyema yaweza kudumaa baadaye. Panda mbegu nyingine za kila aina kwenye mikebe iliyotobolewa chini, mingine ukiipa maji matamu tu ya kulinganishia. Kwa mikebe ya chumvi, miche ikitoa majani mawili ya kweli, anza na gramu 2.9 kwa lita, ongeza 2.9 kila siku hadi 11.7. Ukiitia yote kwa mkupuo, utakuwa unapima mshtuko tu. Mwagilia mpaka maji yachuruzike chini. Baada ya wiki nne kata, kausha kabisa, pima uzito.

Hapa ndipo wengi hupotea: huchukua mche mkubwa kuliko yote. Tuseme aina moja ina gramu 12 kwa maji matamu na 6 kwa chumvi. Nyingine 8 na 6.4. Ya pili ndiyo stahimilivu, imebaki na asilimia 80. Lakini ikiwa chumvi iko kwenye mabaka machache tu, ile ya kwanza itakupa pamba nyingi zaidi shamba zima, na mimi ningeipanda hiyo.

Swali: Sisi tuko karibu na Ziwa Nakuru, udongo una magadi. Jaribio hilo latufaa?
*Msomaji, Nakuru*

Jibu: Halitoshi. Magadi hupandisha pH (kipimo cha uchachu wa udongo), mara nyingi kupita 8.5, na udongo hushikana hadi mizizi ikose hewa. Jaza mikebe udongo wenu wenyewe, na mingine udongo mzuri, mlinganishe. Jasi husaidia, mradi maji ya kuisafisha sodiamu ya magadi yawe na pa kutokea.