Harrier inakula kiasi gani? Daftari langu la mwaka mmoja

Tangu ninunue Toyota Harrier, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Dada, inakula mafuta?" Miaka miwili ya kwanza nilikuwa najibu, "Kawaida tu." Sikuwa nadanganya, ila nilikuwa sijui. Nikifika sheli nashusha kioo, "Niwekee ya thelathini," kijana anabonyeza, ananipa risiti, naondoka. Ukinunua mafuta kwa mtindo huo unajua hela iliyotoka tu. Lita ngapi zimeingia na zimekufikisha wapi, hujui. Na bei haitulii, EWURA, wale wanaosimamia bei ya mafuta Tanzania, wanatangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo thelathini ya mwezi huu inaweza isiwe thelathini ya mwezi ujao.

Yangu ni ile inayoitwa tako la nyani mtaani (wazee mnisamehe), toleo la pili, lililoanza kutoka mwaka 2003. Nje ya Japani gari hilohilo liliuzwa kama Lexus RX, jina la kifahari la Toyota. Likumbuke jina hilo unapopiga hesabu. Sisi tunalipata kwa bei ya mtumba, tunajisahau tukadhani na matunzo yake yameshuka bei pamoja nalo. Shokapu ni zilezile, matairi ni yaleyale.

Basi siku moja nikanunua daftari la shilingi mia tano, nikaliweka kwenye droo ya mbele. Utaratibu wenyewe ni rahisi. Jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, rudisha ile kilometa ya safari kwenye sifuri, endesha kama kawaida yako. Ukirudi kujaza, rudi sheli ileile, pampu ileile ukiweza, jaza tena mpaka ijikate, andika kilometa na lita. Mara yangu ya kwanza ilisoma kilometa 412 kwa lita 54.6. Gawanya, unapata kilometa 7.5 kwa lita. Lita ikiwa elfu tatu, kila kilometa imekula karibu shilingi 400 za mafuta peke yake.

Hiyo ni hapa Dar es Salaam, Tegeta kwenda Posta na kurudi, kiyoyozi kimewashwa, foleni ya Mwenge ndani yake. Nikienda Morogoro gari hilohilo linafika 11 bila shida, mradi nisivuke 90. Mtu akikwambia Harrier yake inakwenda 12 kwa lita muulize anaishi wapi. Foleni ndiyo inayokumaliza, maana gari likiwa limesimama, injini yake ya lita 2.4 inanguruma na kiyoyozi kinapuliza, inaweza kuchoma lita nzima kwa saa, na hujasogea hata hatua.

Faida ya daftari niliiona mwezi wa tano. Namba ikaanza kushuka: 7.4, 6.8, 6.1. Njia ileile, dereva yuleyule. Fundi wa kwanza akasema plagi, tukabadilisha, hakuna kitu. Akasema tusafishe sensa ya hewa, tukasafisha, 6.2. Alipoanza kutaja injini nikaaga. Wa pili, mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwembe, hakufungua hata boneti. Aliniambia, "Mama, zunguka mpaka barabara kubwa urudi, lakini ukikaribia hapa usikanyage breki sana." Niliporudi akachota maji kwenye kopo, akachovya kidole, akadondoshea tone kila rimu. Tatu zikanyamaza. Ya nyuma kushoto ikafanya chwaa! na mvuke ukapanda. Breki ilikuwa imeng'ang'ania, hairudi. Nilikuwa natembea na gari huku limeshikwa mguu, wiki kadhaa, na nalipia petroli ya kulivuta. Akaifungua, akaisafisha, akaweka mpira mpya, na tenki lililofuata likasoma 7.6. Bila daftari ningeendelea kulaumu bei ya mafuta.

Kwa anayetafuta kununua, ushauri wangu mkubwa ni wa injini. Harrier si gari moja. Hii ya 2.4 ya silinda nne ndiyo nafuu, lakini chomoa kijiti cha oili kabla ya kuzungumza bei, kwa sababu injini za ukoo huu, hasa za miaka ya mwishomwisho, zinajulikana kwa kunywa oili kimyakimya. Ile ya 3.0 ya V6, yaani silinda sita, ina mkanda wa taimingi, na mkanda una muda wake. Muulize muuzaji ulibadilishwa lini. Akikujibu "haujawahi kusumbua," weka hela ya mkanda pembeni. Ya 3.5, nayo V6, inatumia cheni badala ya mkanda, tamu mno barabarani, nimeiendesha na nikarudi nyumbani nikilionea gari langu huruma. Lakini plagi tatu za nyuma zimejificha. Fundi anatakiwa atoe sehemu ya kuingizia hewa iliyo juu ya injini ndipo azifikie, na mafundi wengine wanabadilisha tatu za mbele wanakudai za sita. Hakikisha unarudishiwa plagi zote sita za zamani mkononi.

Hybridi ya 3.3, iliyoingia 2005, inavutia kwenye foleni kwa kuwa injini inazimika ukisimama. Betri yake kubwa iko chini ya kiti cha nyuma na inapozwa kwa feni. Kama muuzaji alikuwa anapakia magunia na vumbi huko nyuma, feni imekula vumbi hilo miaka yote. Mimi nisingenunua bila kipimo cha betri. Anaconda, ile ya kuanzia 2013, ina injini ya lita mbili na inakula kidogo zaidi, ila bei yake ya kununua ni habari nyingine kabisa.

Sasa jumla ya mwaka. Nilitembea kilometa 14,300, wastani wa 8 kwa lita ukichanganya mji na safari. Mafuta yakawa milioni 5 na laki tatu na ushee. Bima kubwa, gari likithaminiwa milioni 25 kwa asilimia 3.5, ukiongeza VAT juu yake, ikawa 1,032,500. Sevisi tatu, kila kilometa 5,000, laki tano na arobaini. Breki, bushi za mbele na vikorokoro vingine, milioni 1 na laki mbili na sabini. Ukigawanya yote ni kama shilingi 574 kwa kilometa, na mwaka huo sikununua tairi hata moja. Mwaka uliofuata nilinunua manne, ya inchi 17, nikakumbuka kwa nini shemeji yangu amebaki na IST, kile kigari kidogo cha Toyota.

Stika ya leseni ya barabara ya kila mwaka haimo kwenye hesabu. Iliondolewa 2017 na makato yakahamishiwa kwenye mafuta. Maana yake gari linalokunywa sana linalipa kodi zaidi kila linapoingia sheli, hata kama kodi hiyo haionekani.

Vile vichupa vya dawa ya kupunguza ulaji wa mafuta nimevijaribu mara mbili, vyote vimo daftarini: 7.5 kabla, 7.5 baada. Upepo wa matairi, kwa upande mwingine, ninaupima kila Jumamosi asubuhi kabla sijaenda sokoni, tairi likiwa bado la baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kijana wa upepo pale kwetu anachukua mia tano. Amezoea, akiniona tu anauliza, "Dada, daftari linasemaje leo?"