Jibu: Picha ya babu na uwanja wa mbio za magari Moshi

Habari mkuu. Unauliza kama picha ya babu yako, gari lenye namba mlangoni na watu kando, ilipigwa kwenye uwanja wa mbio wa wakoloni hapo Moshi. Kabla ya kuutafuta uwanja, itazame barabara. Mbio za uwanjani magari huachiwa pamoja, utaona mawili matatu yamebanana. Likiwa peke yake ndani ya vumbi, mimi ningesema ni yale mashindano ya Safari, mbio ndefu za magari kwenye barabara za kawaida. Humo magari yaliachiwa moja moja.

Nilihangaika hivyo hivyo na picha ya marehemu baba mdogo, Arusha. Nikaikuza kwenye simu hadi kibao cha mbele ya gari, chenye jina la mashindano, kikasomeka, kazi ikaisha. Kikisema Coronation Safari, ni miaka ya 1950: yalianza 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. East African Safari ni kuanzia 1960. Yalikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara hizi hizi za kawaida, tope na ng'ombe humo humo.

Geuza na nyuma pia. Studio za zamani zilipenda kugonga mhuri. Ukiuona, upige picha uuweke hapa.